Habari Mbaya Huenda kwa Miguu

Barua ya kwanza niliyompigia chapa Bibi Maendeleo aliikunja mara nne, akainama, akaisukuma chini ya mguu wa meza yangu uliokuwa mfupi kuliko mingine. Meza ikatulia. Akaniambia, bila ukali wowote, kwamba sasa angalau barua ile imemsaidia mtu.

Nilikuwa na siku tatu tu kazini. Ofisi ya mradi ilikuwa banda la mabati ubavuni mwa ofisi ya tawi, huku kwetu Temeke, upande wa bondeni unaoelekea Yombo. Ndani tulikuwa wanne: Mhandisi, mpima ardhi, Bibi Maendeleo, na mimi karani mpiga chapa. Mradi wenyewe ulikuwa wa kuchimba mfereji mkubwa wa kutoa maji ya mvua bondeni, na kando yake kupitisha barabara ya kufika zahanati. Kazi ya Bibi Maendeleo, kwa lugha ya barua yake ya ajira, ilikuwa kuwaelimisha wananchi. Mwenyewe alikuwa akisema kazi yake ni kuhakikisha hakuna mtu atakayeamka asubuhi akute sururu mlangoni kwake asijue limefuata nini.

Barua ile niliyoipiga ilikuwa ya kuwaarifu wenye nyumba tisa kwamba majiko yao ya uani yatavunjwa. Niliipiga vizuri, pambizo zimenyooka, hakuna herufi iliyorukwa, nami nikawa nangoja kusifiwa. Yeye aliisoma amesimama, akaifanyia hivyo nilivyosema, akachukua mwavuli wake akatoka. Alirudi saa kumi jioni, vumbi limempanda mpaka magotini. Nyumba zote tisa alikuwa amezifikia. Nikamuuliza kwa nini hakumpa tarishi apeleke barua. Akanijibu maneno ambayo baadaye niliyasikia mara nyingi hata nikawa nayasema nyumbani kwangu:

"Habari nzuri itajipeleka yenyewe, mdogo wangu. Habari mbaya huenda kwa miguu."

Alikuwa mwanamke mfupi, wa hatua za harakaharaka, na sauti yake ilikuwa ndogo. Watu hudhani kazi ile inataka mtu wa kupaza sauti. Yeye alipoanza kusema mkutanoni, watu waliacha kuzungumza wao kwa wao na kuinama mbele ili wamsikie, na nadhani alilijua hilo. Hakuwahi kukubali kipaza sauti cha tawi. Alisema kinaleta kelele halafu hakingoji jibu.

Neno aliloliogopa kuliko matusi ni "hivi karibuni". Mhandisi wetu, kijana wa bara aliyesomea ng'ambo, mpole, mwenye haya mbele ya watu wazima, alilipenda sana neno hilo kwa sababu lilimwezesha kujibu bila kukosea. Kazi itaanza hivi karibuni. Mabomba yatafika hivi karibuni. Siku moja Bibi Maendeleo alilizungushia kalamu nyekundu kila mahali kwenye rasimu ya tangazo, akampelekea mezani.

"Ndugu Mhandisi," akamwambia, "karibuni ni neno la mlangoni. Ukishamwambia mtu karibu, huna ruhusa ya kumwacha amesimama nje."

Mhandisi alicheka, lakini alilikata. Akaandika badala yake kwamba siku bado haijajulikana. Nilipoipiga chapa sentensi ile niliona aibu kwa niaba ya ofisi. Sikuwa nimewahi kuona karatasi ya serikali inayosema haijui.

Bibi Maendeleo alikuwa ameomba ubao wa zamani wa shule ya msingi, akaupigilia misumari kwenye ukuta wa banda letu, upande wa njia ambako akina mama walipita wakienda kisimani. Kila Ijumaa asubuhi aliandika kilichofanyika wiki ile, na kisichofanyika, na sababu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa kitabu cha darasa la kwanza, na wale waliojifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima ya jioni walikuja kuufanyia mazoezi. Kulikuwa na mzee mmoja aliyesoma kwa kidole, herufi kwa herufi, akiwasomea wengine, na kazi ya kuchimba mtaro aliijua kuliko mpima ardhi.

Ikaja wiki ambayo hatukufanya kitu. Saruji ilikuwa haba nchi nzima. Akaandika: "Wiki hii hatujafanya kazi. Saruji haijafika. Hatujui itafika lini." Jumatatu ikateremka amri kutoka makao makuu kwamba maandishi yale yanaipaka serikali matope na yafutwe. Hakubisha. Alichukua kitambaa, akaufuta ubao mpaka ukawa mweusi ti. Ijumaa iliyofuata, saruji ikiwa bado haijafika, alitoka nje na kiti, akakaa chini ya ubao mtupu tangu asubuhi hadi saa nane, na kila aliyepita akasimama kuuangalia ubao, yeye akamwambia kwa mdomo. Saruji haijafika. La, hatujui. Ndiyo, nikijua nitakwambia. Juma la tatu hakuna aliyekumbusha tena habari ya amri, na Mhandisi mwenyewe ndiye aliyemletea chaki.

Kwa mikutano alikuwa na mtindo mmoja uliowachosha viongozi. Baada ya kueleza jambo, hakuuliza kama kuna maswali. Alimchagua mtu, na si mwenyekiti wala wa mstari wa mbele, akamwomba arudie alichosikia. Mara ya kwanza nilipouona mtindo huo, alimchagua mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, na yule mama akasema kwa furaha kwamba amesikia serikali itamjengea kila mtu nyumba ya matofali kando ya mfereji. Watu wakacheka. Bibi Maendeleo hakucheka. Alimshukuru, akasema kosa ni lake aliyeeleza, akaanza upya tangu mwanzo, na jua lile. Mwenyekiti wa tawi alikuwa akitazama saa yake. Mara ya pili yule mama alirudia sawasawa, na nadhani hakuna mtu kwenye mkutano ule aliyesahau tena.

Hakuamini pia kwamba mtu anayekaa mbele ndiye anayesikilizwa. Wiki yake ya kwanza mtaani, nilisimuliwa, hakwenda tawini kabisa. Alikwenda kisimani na ndoo, akapanga foleni. Pale ndipo alipojua kwamba mtaa wetu haufuati la mwenyekiti, unafuata la mwanamke mmoja muoka mikate, na kwamba vijana wa bandarini wana kiongozi wao ambaye hajawahi kukanyaga mkutano. "Mwenye kiti na mwenye neno si lazima wawe mtu mmoja," alikuwa akisema.

Na ramani je? Mpima ardhi alikuwa na ramani nzuri, kubwa, ya rangi, akaitandika mbele ya wananchi, watu wakaitazama kwa heshima kama wanavyotazama nguo ya bibi harusi, wala hakuna aliyejua nyumba yake iko wapi. Kesho yake Bibi Maendeleo alikwenda na debe la chokaa, akamwomba mpima atangulie, akawa anamwaga mstari mweupe ardhini nyuma yake, kupitia kwenye njia, nyuani, katikati ya minazi, kutoka zahanati mpaka bondeni. Siku hiyo ndipo mtaa ulipoelewa. Watu walitoka nje wakasimama upande huu na huu wa mstari. Wengine walicheka kwa kuona wamenusurika, wengine wakageuka kutazama majiko yao.

Ningekuwa mwongo nikisema alikuwa hivyo kwa kila jambo. Nyumbani alikuwa na cherehani, na jioni alishona nguo za majirani. Katika kushona alikuwa fundi kama mafundi wote. Nilimpa kitambaa cha gauni la harusi ya kaka yangu, nikampa na mwezi mzima wa nafasi. Kesho, mdogo wangu. Bado vifungo tu, mdogo wangu. Nilisafiri kwenda kwetu Masasi na gauni la zamani, na hili jipya nilipewa wiki mbili baada ya kurudi, likiwa limeshonwa vizuri mno hata nikashindwa kugomba. Nilimwambia kwamba fundi wa nguo angepaswa kuwekewa ubao. Alinitazama kama sielewi kitu, akasema mfereji ni mali ya watu.

Alikuwa msiri vilevile. Yeye aliyewaeleza watu mia habari ya kila mfuko wa saruji, kwa habari zake mwenyewe alikuwa kama sanduku. Nilifanya naye kazi mwaka na nusu kabla sijajua kwamba ni mjane, nami nilijua kwa kuambiwa na mtu mwingine. Nilipompa pole alisema ahsante, akaniuliza kama karatasi za kaboni zimebaki.

Na asubuhi, kabla ya chai, hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Sasa niseme habari ya tanuri, maana ndiyo iliyonifanya nimpende.

Yule muoka mikate niliyemtaja, mtaa mzima ulimwita Bi Mofa. Uani kwake palikuwa na tanuri la udongo, la duara, kubwa kama pipa, ambalo alilirithi kwa mama yake, na humo alioka mikate ya mofa. Mtaa uliamka kwa harufu yake. Waislamu kwa Wakristo, watu wa pwani na sisi tuliotoka kusini, sote tulikula mofa ya mwanamke yule, na Ramadhani foleni ilianza alasiri. Mstari wa chokaa ulipita nyuma ya ua wake, hatua kumi hivi kutoka kwenye tanuri. Bi Mofa aliuliza mara moja tu: je, litaguswa? Bibi Maendeleo alimuuliza mpima, mpima akasema la, na Bibi Maendeleo akamwambia Bi Mofa, halitaguswa.

Miezi minne baadaye mpima alipima tena miinuko, akakuta maji hayatashuka kama mstari ulivyo. Ilibidi usogee. Ukisogea, unapita katikati ya tanuri.

Nilidhani Bibi Maendeleo atachukua mwavuli wake saa ileile. Hakuuchukua. Siku ya kwanza alisema ana ripoti. Siku ya pili alipanga upya mafaili ambayo hayakuwa na shida. Siku ya tatu Mhandisi, kwa huruma, alijitolea kuandika barua aipeleke tarishi. Nafikiri barua ndiyo iliyomwinua. Aliniomba nimsindikize.

Tulimkuta Bi Mofa amekaa kwenye kigoda mbele ya tanuri, mkono umo ndani mpaka kwenye kiwiko, anabandika mkate ukutani mwa moto. Alitukaribisha, akatupa mkeka. Bibi Maendeleo hakuanza na hali ya hewa wala na watoto. Alisema tu kwamba mstari umehama, na kwamba unapita hapo alipokaa.

Bi Mofa hakugeuka. Alibandua mkate ulioiva, akauweka kwenye ungo, akabandika mwingine.

"Wewe ndiye uliyeniambia halitaguswa," akasema.

"Ni mimi."

"Si mpima."

"Si mpima. Mie ndiye niliyekwambia, na nilikwambia kabla sijajua. Hilo ni kosa langu, nimekuja nalo mwenyewe."

Nilitazama miguu yangu. Kisha Bi Mofa alianza kueleza, polepole, kama anayemfundisha mtu kupika, kwamba tanuri halihamishwi. Linafinyangwa jipya, na likishafinyangwa linakauka kivulini kwa wiki nyingi, na ukiliharakisha kwa moto linapasuka. Ramadhani ilikuwa imebaki wiki mbili. Hakuomba tanuri liachwe. Aliomba kumaliza mwezi.

Nilimtazama mwenzangu nikitaka aseme ndiyo. Ingekuwa rahisi mno. Yeye alisema hajui kama linawezekana, na kwamba atarudi Alhamisi kumpa jibu, hata kama jibu litakuwa bado hajui. Alhamisi alirudi, na jibu lilikuwa bado hajui. Bi Mofa alimpa mkate akaenda nao.

Ugumu ulikuwa huu. Mhandisi alisema inawezekana kuchimba mfereji wote na kuruka kipande cha pale uani mpaka baada ya Idi. Lakini mwaka ule Ramadhani iliangukia msimu wa vuli, na mvua ikiwahi, maji yatafika kwenye kipande kile yakwame, yarudi nyuma yaingie katika nyumba kumi na mbili za juu yake. Mhandisi alisema uamuzi ni wake, na yuko tayari kuamua. Bibi Maendeleo akamwomba siku tatu.

Alikwenda katika nyumba zote kumi na mbili. Mimi nilimfuata na daftari. Kila nyumba alisema maneno yaleyale, hakupunguza wala hakutia chumvi: tukimngoja Bi Mofa, na mvua ikiwahi, maji yataingia kwenu. Tusipomngoja, hakuna mofa Ramadhani hii nzima. Mnasemaje? Nilitarajia ugomvi. Watu wengi walicheka, wakasema maji wameyazoea, kukosa mofa hawajakuzoea. Balozi wa nyumba kumi, naye akiwa mmoja wao, alijibu kabla hatujamaliza kuuliza. Nyumba kumi na moja zikakubali.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya yule kiongozi wa vijana wa bandarini, mtu mrefu, asiyependa maneno. Alisikiliza mpaka mwisho akasema hapana. Masika iliyopita maji yaliingia ndani, mtoto wake akaugua tumbo, nusura wampoteze. Alilisema hilo kwa utulivu, akarudi ndani.

Nikafunga daftari. Tulipokuwa tukirudi nilimwambia Bibi Maendeleo kwamba kumi na mmoja kwa mmoja, shauri limekwisha. Alisimama njiani.

"Hao kumi na mmoja wamejitolea kulowa miguu," akaniambia. "Huyu anaombwa atoe mtoto. Hapo hapana hesabu."

Ijumaa aliandika ubaoni kwamba nyumba kumi na moja zimekubali, moja imekataa, na sababu yake ni ya haki. Jina hakuandika, lakini kila mtu alilijua. Nilihofu watu watamsonga yule bwana. Jumamosi yeye mwenyewe alikuja ofisini, mara ya kwanza kukanyaga pale, akaketi mbele ya Mhandisi. Alisema amesoma ubao. Alisema bandarini wakitaka kupisha mzigo hutengeneza njia ya pembeni kwanza. Je, maji hayawezi kupishwa? Mhandisi akavuta karatasi. Wale wawili waliinama juu ya karatasi ile mpaka chai ikapoa, na walipoinuka kulikuwa na mstari wa mtaro mdogo wa muda, wa kulizunguka tanuri na kupita nyuma ya choo cha Bi Mofa.

Ulichimbwa Jumapili moja kabla ya Ramadhani kuanza, kazi ya kujitolea. Yule bwana wa bandarini alikuja na vijana wake, akashika sururu la kwanza. Waliimba. Sie wanawake tulibeba udongo kwa karai, na Bi Mofa, ambaye hakuwa mtu wa kugawa mikate bure, alituletea ungo mzima. Jioni ileile, upande wa pili wa ua, alianza kukanda udongo wa tanuri jipya.

Mvua iliwahi. Ilinyesha alasiri moja katika kumi la mwisho la Ramadhani, kwa nguvu, saa mbili mfululizo. Mtaro wa pembeni ulibeba maji karibu yote. Nyumba ya bwana wa bandarini haikupata hata tone. Lakini kwa balozi yaliingia, yakafika kwenye vifundo vya miguu, yakalowesha godoro na gunia la unga.

Asubuhi yake Bibi Maendeleo hakunywa chai. Alikwenda moja kwa moja, nami nikamkimbilia nyuma. Balozi alikuwa uani anaanika godoro juu ya ukuta. Bibi Maendeleo alianza kusema pole, akataka kueleza kuhusu mtaro na mahali ulipozidiwa. Balozi alimkatiza kwa kuinua mkono.

"Ulituambia," akasema.

Basi. Akaendelea kunyoosha godoro lake, na Bibi Maendeleo akashika upande wa pili kumsaidia. Nimefanya kazi katika ofisi nyingi baada ya ile, nimeandika ripoti za mafanikio zenye kurasa na vifungu, sijapata kuona sifa iliyozidi neno lile.

Siku tatu baada ya Idi, Bi Mofa alilivunja tanuri la mama yake kwa mkono wake mwenyewe, hakutaka vibarua waliguse. Lile jipya lilikuwa limekauka. Hatukukosa mofa hata siku moja.

Kuwaambia wadogo ni jambo moja, kuwaambia wakubwa ni jingine, na sikujua kama angeweza mpaka mwaka uliofuata. Mkubwa mmoja wa mjini alitaka kuja kuizindua barabara siku ya sikukuu ya Uhuru. Mhandisi aliulizwa kwa simu kama itakuwa tayari, akasema ndiyo, kwa sababu hakujua namna ya kusema hapana kwenye simu. Kisha akakaa ameshika kichwa. Bibi Maendeleo aliomba lifti ya Landrova, akaenda mjini, akangoja nje ya ofisi ya mkubwa asubuhi nzima. Dereva ndiye aliyetusimulia. Alipoingia alimwambia kwamba siku hiyo barabara itafika zahanati lakini kivuko cha bondeni hakitakuwapo, kwa hiyo akija atazindua nusu. Mkubwa alikasirika, akamuuliza nani amemtuma.

"Nimejituma," akamjibu. "Afadhali unikasirikie leo, mzee, tukiwa wawili humu ndani."

Mkubwa alikuja. Alisimama mbele ya watu akasema amekuja kuiona nusu, na nusu nyingine ataifuata ikiwa tayari, na watu wakampigia makofi marefu kuliko ambayo angepigiwa kwa barabara nzima. Mhandisi alikuwa akitabasamu peke yake nyuma ya umati kama mtoto aliyesamehewa.

Mradi ulipokwisha tulitawanyika. Mimi nilihamishiwa mjini, yeye mikoani. Tuliandikiana mwanzoni, halafu kama ilivyo kwa watu, tukaacha. Miaka mingi ikapita. Nimestaafu, nina wajukuu. Mwaka juzi nilisikia yuko Goba kwa binti yake, nikauliza njia, nikaenda.

Nilimkuta kibarazani anapukuchua mbaazi. Nywele zimekuwa pamba tupu, mwili umepungua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama kidogo, akanisogezea ungo tufanye kazi pamoja, kama vile niliondoka jana. Tulizungumza mpaka jua likashuka kwenye kilima. Alikuwa ametulia, anacheka upesi kuliko zamani. Mhandisi, aliniambia, humletea salamu kila mwaka. Amekuwa mtu mkubwa na bado ana haya.

Nikamwambia kitu nilichokuwa nacho moyoni muda wote huo: kwamba nilikuwa nikimwonea wivu kwa kutoogopa watu.

Aliacha kupukuchua. Akasema hajawahi kuogopa kitu duniani kama anavyoogopa watu. Tangu msichana. Kila nyumba aliyoingia, kwanza alisimama ukutani, mahali ambapo wa ndani hawamwoni. Mara nyingine alipita nyumba akaenda mpaka mwisho wa njia, akarudi.

"Na ulikuwa unafanyaje?" nikamuuliza.

"Napiga hodi," akasema. "Ukishapiga hodi, mtu akaitikia, utakimbilia wapi tena?"

Miaka sita nilitembea nyuma yake na daftari, na siku zote nilidhani pale ukutani alikuwa akinisubiri mimi nifike.

Nilipoaga alisema atanisindikiza mpaka njia kubwa, taratibu, kwa fimbo. Tuliteremka kilima tukizungumza habari za wajukuu. Tulipofika kwenye geti la kijani la jirani, akapunguza mwendo. Aliniambia kwamba Jumamosi jirani huyo anaoza binti, na yeye ndiye aliyeombwa kusimamia masufuria ya pilau, watu mia mbili, na alikuwa amekubali. Lakini magoti yamekataa tangu Jumatatu, na mpaka leo hajamwambia.

Nikamwambia nitaingia naye. Akatikisa kichwa, akanishika mkono kuniaga, akanisukuma taratibu niende.

Sikwenda mbali. Nilisimama kwenye kona, nikamwona amejibanza kando ya nguzo ya geti, ameshika ncha ya kanga yake kwa mkono uliobaki, anavuta pumzi. Alikaa hivyo kwa muda ambao ungetosha kuchemsha chai. Kisha akanyoosha mgongo.

"Hodi hapa."

Mtu akaitikia, geti likafunguliwa, akaingia. Nilisikia sauti yake ndogo ikisema, sikuyapata maneno. Halafu nikamsikia yule jirani, waziwazi kabisa, na sauti ya kiti kikivutwa juu ya sakafu.

"Kaa kwanza, mama," alikuwa akimwambia. "Kaa."